Pini Mpya za Lori Lililombeba Mzee Ochieng'

Leo nimeaibika, jamani. Mchana kweupe, tena mbele ya jeneza.

Mmetungoja hapa nyumbani tangu adhuhuri, na tumefika jua likielekea kuzama. Mnauliza sababu. Sababu ni mimi.

Mzee Ochieng', dereva wa lori la shamba kule Kericho, alifariki juzi kwa homa ya mapafu. Ndiye aliyenifundisha ufundi. Nilifika huko mchuma chai tu, sijui hata kushika spana. Siku hizi naitwa Fundi Odero. (Baada ya leo sijui nitaitwaje.)

Mkewe, Mama Akinyi, alikuwa na ombi moja: mzee azikwe kwao, huku karibu na ziwa. Bwana meneja akakataa. Magurudumu ya mbele ya lori yalikuwa yakicheza kama meno ya bibi kizee. Pini za usukani, zile nguzo fupi za chuma ambazo gurudumu hugeukia, zilikuwa zimelika. Akasema mzee azikwe huko kambini kwa wafanyakazi.

"Bwana, pini mpya ziko stoo," nikamwambia. "Nitaziweka mimi."

"Gari naharibika njiani, mimi hapana tuma ingine. Wewe nasikia?"

"Nasikia, bwana."

Jana nilishinda chini ya lile lori. Machozi, grisi, machozi. Bushi mpya za shaba, yaani pete ambamo pini huingia, zilikuwa zinabana. Zilitakiwa kusuguliwa ndani kidogo kidogo mpaka pini ipite kwa kusukumwa na kidole. Mimi nikachukua nyundo! Nilikuwa na haraka, na moyo wangu haukuwepo. Leo asubuhi nikajaribu usukani. Mgumu! Nikajiambia kitu kipya lazima kiwe kigumu. (Akili za msiba hizo.)

Tukapakia jeneza. Mama Akinyi akaketi kando yake pamoja na wanawake wa kanisa. Nami, badala ya kunyamaza, nikapanda juu nikahutubia.

"Msiwe na wasiwasi. Pini nimeziweka kwa mkono wangu. Mzee atasafiri kama yai ndani ya pamba."

"Amina!" wakaitikia.

Barabara ya kutoka kambini imenyooka hadi chini ya nyumba ya meneja. Hapo kuna kona. Nikakata kushoto kwa nguvu zangu zote. Lori likakata. Nikataka kulirudisha. Wapi! Nikavuta, nikasimama nikavuta, nikamwita Mungu. Lori likaacha barabara polepole, kwa heshima kabisa, likaingia kwenye michai. (Breki niliikumbuka nikiwa tayari ndani ya chai.) Nyimbo za wanawake kule nyuma zikakatika.

Meneja alikuwa barazani, kikombe mkononi.

"Odero! Wewe nasema gari mzuri!" Alipoona hakuna aliyeumia, akanyoosha kidole upande wa makaburi ya kambi. "Zika huko."

Nilishuka nikaketi kwenye matope, nikalia mbele ya kambi nzima. Fundi mzima! Mama Akinyi akashuka pia. Akalitazama lori, akanitazama mimi. Akacheka. Kicheko chembamba, kikageuka kilio kabla hakijaisha.

"Odero mwanangu, miaka yote hiyo mzee hajawahi kuingia kwenye chai. Umengoja alale?"

Kisha akamgeukia meneja. "Bwana, ngoja kidogo. Huyu atatengeneza."

Meneja akashusha kidole. Akaingia ndani.

Wanaume wakalisukuma lori hadi barabarani. Nikazitoa pini, nikazungushia msasa kwenye kijiti, nikasugua bushi moja baada ya nyingine, wanawake wakiimba nyuma yangu. Saa nne nzima! Nilipomaliza, usukani uligeuka kwa mkono mmoja. Safari hii sikuhutubia.

Ziwa lilipoonekana kwa mbali, Mama Akinyi aligonga paa la kebini. Nikasimamisha. Nikamsikia akiliambia jeneza taratibu, "Baba Akinyi, kwenu ndiko kule." Tukakaa hapo mpaka aliponiambia twende. Sikumharakisha.

Basi, ndiyo sababu tumechelewa. Kesho tutamzika mwalimu wangu. Kama lazima mnicheke, naomba mngoje matanga yaishe.

Na wewe hapo nyuma uliyejifunika koti usoni, nayaona mabega yako yanavyotikisika.