Programu Yenye Miguu

Mtaalamu hakuwa na ofisi, hakuwa na cheti, hakuwa na soksi zinazofanana, na hakuwa na programu ya simu aliyokuwa akiiuza. Alichokuwa nacho ni shati jeupe, kitambulisho alichojitengenezea, na ulimi wa kumuuzia samaki mwavuli.

Asubuhi hiyo, kwenye benchi la kliniki ya shinikizo la damu, alimsikia mama mmoja fundi cherehani akinung'unika.

"Binti yangu yuko mbali, ananipigia kila siku: umemeza dawa? Akishuku tu, atanihamishia kwake. Na cherehani yangu nimwachie nani?"

Mtaalamu akasogea. "Shikamoo, mama. Mbona kuna programu? Inakukumbusha dawa, kisha inamwandikia binti: mama amemeza."

"Marahaba. Na nisipomeza?"

Mtaalamu akashusha sauti. "Inaandika vilevile."

Mama alicheka mpaka kilemba kikalegea. "Jambazi wewe! Niwekee."

Akalipa ada ya mwaka mzima, maana Mtaalamu hakuwa na mazoea ya kurudi kwa wateja. Programu ilikuwa kengele ya simu tu. Ujumbe kwa binti Mtaalamu aliutuma mwenyewe kwa simu yake, akiwa bado kitandani. Alikusudia kufanya hivyo wiki moja, mama amsifie kwa wagonjwa wenzake, halafu atoweke.

Siku chache baadaye alipita nyumbani kwa mama kuulizia wateja. Akamkuta dirishani, akidondosha kidonge cheupe kwenye chungu cha maua. Mle ndani vingine vilikuwa vimetapakaa kama mbegu.

"Mama! Unatupa dawa?"

"Kwani programu haijaandika kwamba nimemeza?"

Jasho likamtoka. Mama akianguka leo, ujumbe wote ule ulitoka namba ya nani? Hata hakimu anayesinzia angeelewa.

"Meza, mama, nakuomba."

"Nitungie uzi kwanza. Sindano hii siku hizi haina tundu."

Akatunga. Mama akameza kimoja mbele yake. Kesho yake akarudi kuhakikisha, na keshokutwa. Akawa anatunga uzi, anapaka cherehani mafuta, anakunywa chai. Mwezi ukapita bila kumtapeli mtu yeyote, na hakuona aibu.

Mpaka siku alipoona sisimizi wamepanga foleni kuelekea kwenye chungu. Akaokota kidonge, akakilamba. Peremende!

"Mama, umenitapeli!"

"Mimi? Dawa nameza alfajiri, tangu daktari aliponiandikia. Nilichokosa ni mtu wa kuona kama nimeamka. Siku ile nilipokuona dirishani unakuja, nikamwaga peremende chunguni."

"Na hivi unavyomeza mbele yangu?"

"Peremende. Chukua moja."

"Nakurudishia ada yako, sirudi tena!"

"Mwaka haujaisha, mwanangu. Lakini kaa, kuna balaa. Simu yangu ilikuwa kwa fundi simu juzi, na binti bado akaandikiwa kwamba nimemeza. Amegutuka. Anakuja kunichukua mwezi ujao, na ujumbe wa simu hausomi tena."

Mtaalamu akatazama cherehani, kikombe chake, na kiti ambacho siku hizi kiliitwa chake. Akaomba karatasi. Ulimi wote ule, na ukweli ukamtoa jasho kuliko uongo.

"Dada," aliandika, "programu haikuwepo. Nilikudanganya. Ila mama anameza dawa, na kila asubuhi nipo hapa kumtazama. Tafadhali usimhamishe."

Akalamba bahasha kwa ulimi uliokuwa bado na peremende, akaibana vizuri, akakimbia nayo posta kabla hajapata wazo jingine.