Kanda Yenye Sauti ya Opal

Alhamisi, 8 Agosti 2019

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyeumba sikio kabla ya wimbo. Amani kwa yeyote atakayefungua kurasa hizi, ingawa ni za siri.

Nimetoka kwa Clovis Pruitt, mfamasia mstaafu, hasimu wangu wa siku nyingi. Anayo kanda ya tamasha la mwimbaji Wendell Crabtree katika maonyesho ya wilaya yetu, mwaka 1976. Aliinasa mwenyewe, ameketi nyuma yetu. Humo marehemu mke wangu Opal anapaza sauti kumwomba Wendell wimbo wa mto. Sina sauti ya Opal mahali pengine popote. Picha ninazo tele, picha hazisemi.

Nimemwomba kwa unyenyekevu. Amekataa! Ati sheria ya wakusanyaji ni kanda kwa kanda. “Niletee nisichokuwa nacho, Shemasi Elbert. Maombi yako peleka kanisani.” Na mtu huyu ana kila tamasha la Wendell! Ila la keshokutwa: Wendell anatuaga hapa hapa wilayani, naye Clovis amepasuliwa goti, hatoki. Hakika Mungu hamsahau mja wake.

Wendell huruhusu watu kunasa sauti kwenye matamasha yake. Sharti la wanaonasa: usipige makofi, usiseme, usiimbe. Jambo jepesi.

Ijumaa, 9 Agosti

Mazoezi ya kunyamaza. Nimeweka santuri ya kwanza ya Wendell, ile yenye mkwaruzo. Opal alikuwa akiinyanyua sindano kwa kidole chenye unga, bila kugeuka. Nimejibandika plasta mdomoni. Binti yetu Arlene ameingia, akauliza kama nimepatwa na kiharusi. Kisha akasema plasta inaimba. Uzushi!

Nimeshona kinasa sauti kidogo ndani ya utepe wa kofia. Nitawaambia wahudumu wa viti kwamba mimi ni kiziwi, wanipeleke mbele. Si uongo. Ni utabiri.

Jumapili, 11 Agosti

Jana sikuandika. Sauti ilikuwa imenikauka, sijui kwa nini.

Mama wa viti alinipeleka mstari wa kwanza, kisha kila baada ya wimbo akanipigia kelele sikioni: “Babu, unasikia?” Mungu hadhihakiwi.

Wendell amezeeka. Lakini alipogusa nyuzi, yote yalirudi: majani yaliyokatwa, mahindi ya siagi, marashi ya Opal. Nilinyamaza kama kaburi. Ukafika wimbo wa mto. Ubeti wa pili, akasahau maneno! Je, Mkristo amwache mwenzake azame? Nikasimama, nikaimba. Wendell akasema, “Asante, mzee wangu. Sasa kaa, na mimi nijaribu.” Watu wakacheka. Sikukaa papo hapo.

Jumatatu, 12 Agosti

Fedheha! Nimempelekea Clovis kanda. Wendell anasikika kwa mbali, kama jirani nyuma ya ukuta. Mimi nasikika barabara, tangu wimbo wa kwanza! Clovis amecheka hadi akalishika goti. “Shemasi, umemzika mtu angali hai!”

Nikainuka niondoke. Akaniita. Alikuwa akijifuta machozi, na sikuwa na hakika tena kwamba ni ya kicheko. Akasema sheria ni sheria: kanda ya namna hii hana, wala hakuna mwanadamu aliye nayo. Akanipa ile ya Opal.

Jumanne, 13 Agosti

Arlene amekuja na pai ya matufaha. Tumeiweka kanda. Makofi, mvumo, halafu yeye, kijana kabisa: “Wendell, tuimbie ule wa mto!” Arlene akafunika uso kwa mikono.

Mara sauti nene ya mwanamume ikaanza wimbo kabla ya Wendell. Naitambua. Kisha Opal tena, taratibu, karibu mno: “Elbert, mpenzi, hebu nyamaza nimsikie.”

Tumeirudisha nyuma. Tumeirudisha tena. Arlene amesema neno, sikulishika kwa sababu ya wimbo. Akapaza sauti: “Baba, nyamaza basi, nimsikie Mama!”

Nimemweleza kwa upole kwamba bila mimi wimbo ule hauna besi.

Bwana aibariki nyumba yako, ewe usomaye, na sauti za uwapendao zisikome masikioni mwako. Amina.