Sala ya Mtaro

Jumatatu, tarehe 9
Maji yameingia tena kibandani. Mtaro umebomoka kingo zote mbili. Mvua ikidondoka kidogo tu, uchafu wote unakuja kunisalimia. Leo umelowesha gauni la bibi harusi. Pindo lote! Nimelifua. Mama wa bibi harusi kaapa likiguswa na maji tena atahamia kwa fundi mwingine, yeye na ukoo wake mzima. Ee Mola, nisitiri.

Lakini diwani anakuja Alhamisi kusikiliza kero! Nitasema mimi. Si wifi. Wifi yangu ni msusi, kibanda chake kiko ng'ambo ya mtaro, na mtaa mzima unamwita Kipaza kwa sababu kila mkutano kipaza sauti hukishika yeye. Mume wangu anasema niinue mkono tu, niseme sentensi moja, nikae. Sentensi moja! Damu nzito, anamtetea dada yake.

Jumanne, tarehe 10
Nimepata wazo. Anayeuliza swali hukatizwa. Anayesali, nani atathubutu? Nimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kujitolea kufungua mkutano kwa sala. Kakubali, ila kanisihi iwe fupi. Nikamwambia Mungu hana haraka. Akasema diwani anayo.

Pia kanipa kazi ya kushona kitambaa cha meza kuu. Zambarau inayong'aa! Kimebaki kipande, kasema nichukue. Nimejishonea gauni. Diwani akikosa kuniona, basi ana mtoto wa jicho.

Alhamisi, tarehe 12
Aibu yangu! Nikashika kipaza, nikafumba macho, nikaanza vizuri: viongozi, wagonjwa, wasafiri. Kisha nikamshukuru Mungu kwa neema ya maji, hasa yale ya mtaroni. Nikamwomba amfungue macho mtumishi wake diwani, auone ukingo uliobomoka, upande wa cherehani, karibu na mlango wa bluu... Nikavuta pumzi. Kosa! Wifi kapaza sauti: Amina! Uwanja mzima: Amina! Viti vikalia, watu wakakaa. Nafumbua macho, kipaza kimeshachukuliwa.

Wakati wa maswali nikainua mkono. Nikainua yote miwili. Nimeketi mbele kabisa na zambarau yangu, ubavuni mwa meza kuu, na mwenyekiti hanioni! Wifi kaniambia baadaye alidhani meza imeota mikono.

Yeye alisimama, akasalimia, akasema mtaro umebomoka mbele ya kibanda chake, anaomba utengenezwe. Akakaa. Diwani akaandika. Mume wangu aliinama akitazama viatu vyake, mabega yanamtikisika.

Jumapili, tarehe 15
Harusi imepita salama. Gauni lililala kitandani kwetu siku zote hizo. Mume wangu alilala sakafuni. Sasa mabega hayatikisiki.

Jumatano, tarehe 18
Mafundi ujenzi wamekuja! Wamejenga ukingo mpya, imara, mzuri. Upande wa wifi! Nimewaita waje na huku. Wakajibu wametumwa palipotajwa mkutanoni, shikamoo mama, kwaheri. Mvua ya jioni imenyesha, na maji yaliyokuwa yakigawanyika sasa yote ni wageni wangu. Nimeshona miguu ikiwa juu ya kiti.

Wifi kaja na fagio, kakunja gauni, tumeyatoa pamoja. Kasema, wifi yangu, ungeniambia tu ningetaja pande zote mbili. Nimemshukuru. Kwa meno.

Ijumaa, tarehe 20
Mbunge anakuja wiki ijayo! Wifi kajitolea kunitajia mtaro wangu, sentensi moja, atakapopewa nafasi. Nimekataa. Mtu asiingie kati ya mja na Mola wake. Wateja wawili wameshachukua vitambaa vyao wakisema vinanuka mtaro, kwa hiyo safari hii sina nafasi ya kukosea.

Nimejihoji mbele za Mungu wapi niliteleza. Nimepaona. Nilivuta pumzi! Tangu asubuhi nafanya mazoezi ya kusali bila kupumua. Mume wangu kaniuliza kama anitafutie daktari.

Mwenyekiti kanikubalia sala, kwa shingo upande. Kaniagiza pia kitambaa kipya cha meza kuu. Njano, ya kumeremeta! Nimeshamaliza. Kimebaki kipande kizuri, dhambi kukitupa.