Biskuti Zilizokataa Kuliwa

Kwa Dada yangu mkubwa,
Mwalimu wa Baiolojia.

YAH: OMBI LA KUSITISHWA KWA SHEREHE YA MAGEUZI NYUMBANI KWANGU

Dada, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Shemeji. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu huwa unacheka kabla sijafika kwenye hoja, na safari hii hoja ni sita na zinahitaji utulivu.

Nianze na mambo yasiyobishaniwa. Ulipokuja likizo iliyopita uliwafundisha binti zangu wawili, Kifunguamimba na Kitindamimba, namna ya kusherehekea mageuzi ya viumbe hapa nyumbani. Ulisema kila Jumamosi asubuhi waoke sinia la biskuti, na kila biskuti iwe tofauti kidogo na nyingine: hii nene, hii nyembamba, hii ina zabibu kavu, hii ina tangawizi, hii imeungua pembeni. Baba yao aketi mezani na chai yake, ale nusu ya sinia, zile azipendazo. Zile atakazoziacha zimenusurika, na hizo ndizo wazazi. Jumamosi inayofuata sinia zima litaokwa kwa kuziiga, kila mtoto akifanana na mzazi wake ila kwa jambo dogo. Hivyo, kizazi baada ya kizazi, watoto wataona kwa macho yao jinsi uchaguzi asilia unavyofanya kazi. Ukapiga makofi, watoto wakapiga makofi, ukapanda basi ukaenda zako.

Nimekuwa katika kazi ya kuandika habari muda mrefu. Nimeandika kuhusu mafuriko, migomo na kesi za wizi wa nyaya za umeme, na nimejifunza kutokasirika kabla ya kusikiliza upande wa pili. Upande wa pili nimeusikiliza. Ulikuwa umejaa unga hadi kwenye nyusi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sikuelezwa nafasi yangu. Jumamosi ya kwanza nilivalishwa kofia ya karatasi, nikatandikiwa kitambaa cha meza, nikajua mimi ndiye mgeni rasmi. Nilipomaliza nusu yangu nikakaa vizuri kusubiri makofi. Makofi yakapigwa, lakini yalikuwa ya biskuti zilizobaki. Kitindamimba akaziinamia na kuziambia, "Poleni. Ameshiba." Hapo ndipo nilipofahamu kwamba katika sherehe hii mimi si mgeni, mimi ni janga. Tangu siku hiyo humu ndani naitwa Mwindaji, hata ninapoitwa kuja kupokea simu.

2. Ladha imetoweka. Mtu yeyote mwenye akili timamu huanza na biskuti nzuri. Nilianza na zenye zabibu kavu, nikafuata zilizonyunyiziwa sukari juu. Ukoo wa zabibu ulikatika asubuhi ileile bila mrithi. Kufika kizazi cha tatu, sukari ilikuwa imebaki katika masimulizi. Nilipouliza, Kifunguamimba alinijibu kwa upole wa daktari anayetoa majibu ya vipimo: "Baba, tamu zote ulizila wewe. Zilizobaki ndizo zimezaa." Siwezi kulikanusha hilo. Lakini nimeripoti chaguzi nyingi maishani mwangu, na huu ndio wa kwanza ambao mshindi ni yule ambaye hakuna aliyemtaka. Wifi yako, ambaye ameisoma rasimu ya barua hii, anasema nifikiri tena.

3. Ugumu. Laini niliziona, nikazila. Ngumu niliziogopa, zikazaa. Biskuti ya kizazi cha tano ilinimegua jino la nyuma. Daktari wa meno akaniuliza nimeuma nini. Nikamwambia biskuti. Akaacha kuandika. "Ya kiwanda gani?" Nikamwambia ya binti yangu. Aliomba nimpelekee moja na nikampelekea. Akaigonga pembeni mwa meza, akaisikiliza, akauliza kama binti huyo ana mpango wa kusomea ujenzi. Niliporudi nyumbani niliwaeleza watoto yaliyonipata, nikitarajia pole. Pole nilipewa. Kisha biskuti iliyonivunja jino ikahamishiwa mbele ya sinia, mahali pa heshima, na kizazi chote cha sita kikaokwa kwa sura yake.

4. Kujificha. Unaijua meza yetu ya mbao, ile ya rangi ya kahawia iliyofifia. Biskuti nilizoweza kuziona juu yake nilizila, nisizoziona zikaendeleza ukoo. Matokeo yake ni kwamba sasa biskuti ni bapa, za kahawia, zenye mistari ya mbao, na mojawapo ina fundo lililochorwa vizuri kiasi kwamba fundi seremala angelipitishia randa. Wifi yako aliweka kikombe juu ya moja kwa wiki nzima akidhani ni kisahani cha kulinda meza. Nyingine imejipenyeza, au imepenyezwa, chini ya ule mguu wa meza uliokuwa ukiyumba, na lazima nikiri kwamba meza haiyumbi tena. Niliagiza iondolewe. Kifunguamimba akasema hiyo ndiyo iliyofanikiwa kuliko zote, kwa kuwa imepata makazi ambamo anayetaka kuila itambidi kwanza ajimwagie chai. Nimeikagua hoja hiyo kila upande na sijaona ufa.

5. Kujifananisha. Baada ya hapo biskuti zilitoka kwenye sinia. Watoto wanasema zinatafuta makazi mapya. Nimezikuta dirishani, kwenye rafu ya vitabu, na moja ndani ya kiatu changu cha kazini, ambako ilikuwa na amani kamili hadi nilipokivaa. Kando ya sinki la jikoni palitokea moja ya mraba, nyeupe iliyopauka, ikifanana kabisa na kipande cha sabuni ya kufulia. Sikuigusa. Wifi yako aliigusa. Alifulia nayo kola ya shati langu na akashangaa mbona haitoi povu. Jumamosi iliyofuata nikaikuta tena palepale, nikajisemea safari hii sidanganyiki, nikaiuma kwa nguvu zangu zote. Ilikuwa sabuni. Kitindamimba alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote na hakufungua mdomo. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Sisi tunatazama tu. Maumbile hayaingiliwi." Ana miaka sita. Sentensi hiyo si yake, Dada, naijua sauti yako.

6. Hapa sasa ndipo penye kiini cha barua. Kwa kuwa siku hizi nakula biskuti moja kwa shida na kuinuka mezani na njaa, watoto wamekutana bila mimi na kutoa uamuzi. Ukutani wamebandika mchoro mrefu: mwanzo yuko samaki, halafu kitu chenye miguu mifupi, halafu nyani, halafu mimi na miwani yangu, halafu mtu mwingine mwenye taya kama koleo. Nilimuuliza Kitindamimba huyo baada yangu ni nani. Alinitazama akaniuliza, "Baba, kwani wewe ni wa zamani?" Nikamwambia mimi ni wa katikati. Dada yake akaona aingilie kati kabla mambo hayajaharibika. "Hatukulaumu, Baba. Mazingira tu ndiyo yamebadilika."

Ndipo nikaelezwa. Jumamosi hii kiti changu kitakaliwa na jirani yetu, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mwenye meno yake yote na asiyechagua chakula. Alipokuwa akipita getini walimpa ya kizazi cha sita aijaribu. Aliila amesimama, akafuta mdomo kwa kiganja, akasema, "Si mbaya. Zipo nyingine?" Watoto wakatazamana. Mtazamo ule naujua. Ndio tuliotazamana pale chumba cha habari siku ilipoingia kompyuta ya kwanza, na mpiga taipu wetu mzee yuko palepale anakunywa maji.

Naomba unielewe vizuri. Jumatatu hadi Ijumaa narudi nyumbani watoto hawa wameshalala. Jumapili wanashinda kwa mama mkwe. Jumamosi asubuhi ndiyo saa pekee katika wiki nzima wanayonikazia macho, wanangoja nitanyoosha mkono wapi, wanapumua nikipumua. Wananitazama kama balaa, sawa, lakini wananitazama. Nikiondolewa pale mezani nitabaki kuwa mtu anayemfungulia fundi geti.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba yafuatayo:

(a) Sherehe ya Mageuzi ifungwe kwa amri yako, kwa kuwa amri yangu ilijadiliwa na haikupita.

(b) Zabibu kavu zirudishwe. Nimeelezwa kwamba kiumbe kilichokwisha kutoweka hakirudi. Pakiti nimeiona kabatini.

(c) Iwapo (a) na (b) hazitawezekana, nitangazwe kuwa kiumbe kinachohifadhiwa, kiti changu kiwe hifadhi, na mtu yeyote mwenye meno kamili asikisogelee.

Nakuomba ufike kabla ya Jumamosi. Usipofika sitakuwa na njia ila kumwandikia mkuu wako wa shule na kumjulisha kwamba mwalimu wake anapita akifuga biskuti katika nyumba za watu. Na usije ukaniita mlalamishi. Wewe ndiye uliyekuwa ukila katikati ya mkate ukaniachia miisho, ukasema ni kwa ajili ya kunikomaza. Mtu akikomazwa kiasi hicho na bado akashindwa na biskuti, lazima ujue kwamba tatizo haliko kwake.

Nisalimie Shemeji, na Mama akipita hapo kwako, na wanao, wajomba zangu wote, hata yule aliyeficha miwani yangu kwenye friji. Wifi yako anakusalimu na amesisitiza niandike kwamba barua hii haimhusu. Watoto wanakusalimu sana na wanauliza kama inawezekana biskuti kuota mbawa. Nimewaambia wakuulize wewe, mimi nisiwepo.

Ndimi mdogo wako mtiifu, niliyepungua jino lakini si heshima,

Baba yao,
Mwindaji (hadi Jumamosi).

Tanbihi: Nimelazimika kuifungua tena bahasha. Sikuwa nimeiposti, na leo ndiyo Jumamosi yenyewe.

Fundi alikuja, amenyoa ndevu. Alivalishwa kofia, akaketi kwenye kiti changu, nami nikasimama karibu na mlango na kikombe changu mkononi. Akamaliza moja ya kizazi cha saba. Akaanza ya pili. Katikati ya ya pili akakumbuka kwamba kuna watu wanamsubiri na geti lao, akaaga, akatoka ameshika shavu. Kiti kikawa wazi, basi nikaketi.

Dada, nilifanya lile jambo ambalo Mama alitukataza tangu tukiwa wadogo, akisema ni tabia ya mtu asiye na subira. Nilichovya. Niliizamisha yote kwenye chai, nikasoma gazeti ukurasa wa kwanza hadi matangazo ya vifo, nikaitoa, nikauma. Ilibisha kidogo, kisha ikakubali. Mwanzoni ina uchungu kwa mbali, halafu inakuja ladha ambayo sijawahi kuikuta mahali popote, ladha ya kitu ambacho hakikutaka kabisa kuliwa. Nimemaliza nusu ya sinia, haki yangu yote. Kwa kuwa kazi yangu inanidai kulinganisha, nilimtuma wifi yako dukani akaniletea biskuti za pakiti, nikaonja moja. Iliyeyuka kabla sijaamua kama naitaka. Niliionea huruma. Katika nyumba hii isingemaliza asubuhi.

Kisha nikamsikia Kifunguamimba akimnong'oneza mdogo wake, "Amebadilika," wakaingia jikoni na kufunga mlango. Huko ndani kuna kitu kinapondwa kwa nyundo. Kitindamimba ametoa kichwa mara moja tu, kunijulisha kwamba kizazi cha nane hakitalowa. Nimemwambia tutaonana mezani.

Kwa hiyo futa (a), futa (b), na (c) usimwonyeshe mtu. Kuhusu kuchovya, Mama asijue. Ukitaka kuja, karibu sana, na unga utafaa. Ila uje umeshiba. Mawindo ya hapa yananitosha mimi peke yangu.