Mji Niliouvuta kwa Lenzi ya Mtumba

Jumatatu, 3 Machi

Nimenunua lenzi. Kuukuu, ya chuma tupu, nzito kama mchi. Fundi saa aliitoa chini ya meza yake ikiwa ndani ya soksi, akaniuzia kwa bei ya jozi ya kandambili. Alinieleza kwamba ni ya kuvuta: ukiirudisha nyuma, cha mbali kinakuja, ukiisukuma mbele, kinarudi kwao. Alikiri pia kuwa ndani ina ukungu kidogo. Kidogo ni neno la muuzaji. Mna utando kama kona ya stoo.

Sababu naiandika hapa tu. Kampuni yetu ya uchapaji inatafuta picha ya mji huu kwa jalada la kalenda ya mwakani, na jina la mpigaji litachapwa chini yake. Miaka kumi na tisa nasahihisha maneno ya watu wengine. Kazi yangu ikiwa nzuri, hakuna anayejua kama nipo. Ikiwa mbaya, naitwa na meneja.

Jioni nilisimama dirishani, nikavuta. Mwisho kabisa wa barabara mzee alikuwa akimenya chungwa kibarazani. Niliona ganda likishuka lote kwa pamoja, bila kukatika. Nikasahau kupiga. Mke wangu aliuliza namchungulia nani. Nikasema mji. Akasema mji una wenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Mkakati: shemeji asijue. Huyu ni kaka wa mke wangu, mpiga picha wa harusi, mwenye kamera inayojilenga yenyewe na mkoba wa zipu tisa. Akisikia habari ya kalenda, nimekwisha. Asubuhi nilimwapisha mke wangu asifungue mdomo. Kufika saa sita, shemeji alikuwa ameshanipigia kuuliza mwisho wa kupeleka picha ni lini. Mke wangu hana siri, ana ndugu.

Picha za leo: arobaini. Zinazoonekana: mbili, na moja ni ya kidole changu. Tena nimegundua kwamba nikiinamisha kamera, lenzi inateremka yenyewe kama suruali isiyo na mkanda. Nimeifunga rababendi.

Jumatano, 5 Machi

Wakati wa chakula cha mchana nilipanda juu ya paa la kiwanda chetu, ghorofa nne kutoka chini. Sijui niandikeje.

Kwa macho, barabara yetu ni barabara: maduka, nyaya, magari yenye haraka. Ndani ya lenzi, vyote vimesogeleana. Mabango yamebebana mgongoni. Shuka zilizoanikwa ghorofa ya sita zinagusa taa za mtaa wa pili. Kibanda cha fundi viatu na mlango wa benki vimekaa bega kwa bega kama ndugu wa tumbo moja, ilhali kati yao kuna mwendo wa dakika kumi. Na ule ukungu niliokuwa nikiulaani: jua likigonga bati, mwanga unatawanyika kama maziwa kwenye maji. Nimezaliwa hapa. Kumbe miaka yote hii nilikuwa napita tu.

Ng'ambo ya barabara kuna jengo la vioo la ghorofa kumi na moja. Mwosha vioo alikuwa ananing'inia kwa kamba, ndoo kiunoni. Wingu likapita juu ya kioo, naye akawa analifuta kwa kitambaa. Mtu anafuta wingu. Hilo ndilo jalada. Nilipomaliza kushangaa, wingu lilikuwa limekwenda zake.

Nilirudi mezani roho ikiwa bado juu ya paa, nikaiachia "baraka la jiji" ipite badala ya "baraza". Meneja ameniita.

Alhamisi, 6 Machi

Hakuna wingu hata la dawa. Badala yake amekuja shemeji na zipu zake, akaomba nimpandishe juu. Nilimweleza kwa upole wa ndugu kwamba paa letu halina kitu. Mwanga wote uko juu ya paa la maegesho ya magari, ubavuni mwa lile jengo la vioo. Ukweli ni kwamba kule kuna matangi na kunguru. Alinishukuru, akasema mimi ni shemeji wa kweli. Kisha akaitazama lenzi yangu na kuuliza kama inatumia mafuta ya taa. Nikacheka naye. Acheke tu. Kesho anakwenda kupiga kunguru.

Ijumaa, 7 Machi



Mchana wingu kubwa jeupe lilianza kuingia kwenye kioo. Mwosha vioo alikuwa ghorofa ya tisa. Nilivuta hadi mwisho, nikapanda na kamba yake kwa lenzi ili nijue picha niikatie wapi. Juu kabisa, kamba inapopinda kwenye ukingo wa bati, gunia la kuikinga lilikuwa limechomoka. Bati lilikuwa linaila kamba. Nyuzi zilisimama kama nywele za mtu aliyetoka kuamka. Kwa macho matupu usingeona kitu. Nikavuta tena. Uzi mwingine ukakatika.

Wingu lilikuwa karibu kabisa na mkono wake. Nilingoja likafika, nikapiga moja. Naandika kwa kuwa hii ni shajara, si mahakama. Kisha nikakimbia.

Mlinzi wa jengo alinitaka nijaze kitabu cha wageni. Kwenye sababu ya kuja niliandika "kamba", nikashika ngazi, maana lifti ilikuwa imekwama juu huko. Ghorofa ya saba mapafu yaligoma. Huko juu nilimkuta mwenzake mwosha vioo nyuma ya tangi, anakunywa chai, kamba ameipa mgongo. Sikuwa na pumzi ya kusema, nikaielekezea kamba kidole. Kikombe kilimtoka. Akateremsha kamba ya akiba, aliyokuwa ameikalia. Mimi nikainama ukingoni, nusu ya mwili nje, nikimpungia wa chini kwa mikono yote miwili: ashike hii, aiache ile. Alijifunga. Tukavuta wawili mpaka akatokea.

Aliishika ile kamba ya kwanza, akaivuta kidogo tu, ikakatika. Akakaa chini taratibu.

"Uliona kutoka wapi?" aliniuliza.

Nilimwonyesha paa letu.

"Pale? Mbona hata mtu huwezi kumtambua?"

Nilivua kamera shingoni, nikampa. Alikaa nayo muda mrefu, anavuta, anasukuma, anavuta.

"Miaka kumi na miwili naufuta mji huu, kaka," alisema. "Nauona kwenye kioo tu, kushoto kwake ni kulia. Leo ndiyo tumetazamana."

Mwenzake akaomba zamu. Tulikaa watatu kwenye saruji ya moto tukipokezana, kila mtu akiwaonyesha wenzake mahali anapoishi. Sikurudi kazini mpaka saa kumi. Meneja ameniita.

Jumapili, 9 Machi

Ile picha moja niliyoiiba: rababendi ilikatika, lenzi ikateremka, imetoka michirizi mitupu. Nimeipeleka hivyo hivyo. Nimeiita "Upepo".

Nilimsimulia mke wangu. Baadaye nilimsikia akimwambia mama yake kwenye simu kwamba mume wake ameokoa mtu. Alisema hivyo mara mbili. Nilikaa nyuma ya mlango ili nisikie zote mbili.

Ijumaa, 14 Machi

Shemeji ameshinda.

Ijumaa ile kunguru walimkimbia, akaligeuzia kamera lile jengo la vioo. Jalada ni hili: vioo, wingu zima, mwosha vioo katikati yake, na juu kabisa mtu mnene, shati limechomoka, anapunga mikono miwili. Meneja amesema picha inaonyesha raha ya kuishi mjini. Chini wameandika "Mkazi akisalimia asubuhi". Imeletwa mezani kwangu. Nimesahihisha "asubuhi" kuwa "mchana".

Shemeji hakujua kuwa ni mimi mpaka alipoikuza. Amekuja nyumbani, amenishika mkono, hakuniachia haraka.

Mke wangu amesema yule mtu hakuokolewa na lenzi, aliokolewa na miguu yangu. Nilipoacha kupiga ndipo nilipofanya la maana. Nimelitafakari neno hilo kutwa nzima. Ni kweli tupu. Tatizo lilikuwa umbali. Fundi saa ana lenzi nyingine, ndefu kama mkono wa mtu mzima. Ningekuwa nayo ile, ningeuona uzi wa kwanza ukikatika nikiwa nimekaa kwenye kiti changu, na wingu ningelipata pia. Kesho napita kwake mapema.