Sensa Mpya na Jicho la Mama Mkwe

Jumanne, 4 Machi
Gari limezima tena. Njia panda, mbele ya watu! Likipoa linawaka, likipata moto linazima. Shemeji, kaka yake mke wangu, ana gereji. Amesema ni sensa ya injini, kidude cha ukubwa wa kidole gumba, eti nimpelekee abadilishe. Nimpelekee! Ili kila tukikutana aniulizie gari langu kama mtu anayemjulia hali mgonjwa? Thubutu. Nimenunua sensa mwenyewe. Boliti moja, soketi moja ya waya. Kazi ya kitoto.

Mke wangu kanikumbusha kwamba Ijumaa saa tatu asubuhi mama yake anafunguliwa bandeji ya jicho hospitalini, na wakimkosa siku hiyo watampangia mwezi ujao. Nimemwambia asiwe na shaka. Kasema hapo ndipo shaka inapoanzia.

Jumatano, 5 Machi
Sensa ya zamani imetoka! Saa nne mfululizo, na ngozi ya vidole viwili nimeiacha humo ndani. Ilikuwa nyeusi tii kwa grisi. Nataka kumwonyesha shemeji, na kitu kichafu hakionyeshwi kwa watu. Nimeisugua kwa mafuta ya taa na mswaki. (Mswaki wa nani, sitaandika.) Ikatakata. Nikaiweka kwenye sinia pamoja na mpya, nikaenda kunywa chai.

Kurudi, lahaula! Mapacha! Nakumbuka mpya niliiweka kulia. Kulia kwangu, au kulia kwa gari? Nimechagua iliyong'aa zaidi. Nimefunga, gari likawaka papo hapo, nikalizungusha uani mara mbili. Halikuzima. Ile nyingine nimeitia mfukoni, ushahidi wa shemeji.

Alhamisi, 6 Machi
Nimempigia shemeji kumpasha habari. Kaniambia niliendeshe kwanza hadi lipate moto sawasawa ndipo nijisifu. Wivu wa mafundi! Sijaliendesha. Mke wangu kauliza mbona mswaki wake unanuka mafuta ya taa. Nimejifanya nimesinzia.

Ijumaa, 7 Machi
Saa mbili na nusu, katikati ya barabara, kimya. Injini imezima. Mama mkwe kiti cha mbele, jicho moja limefungwa, hasemi neno. Mke wangu kiti cha nyuma, anasema yote. Nikamlaumu muuza vipuri, nikalaumu mafuta, nikailaumu barabara. Mwisho nikatoa ile sensa mfukoni, mama mkwe aone kwamba angalau kazi niliifanya.

Mama huyu ameshona nguo za watu miaka thelathini. Kaiminya kwa ukucha ringi ya mpira iliyoizunguka ile sensa, akauliza kama iliyo kwenye injini nayo ni laini hivi. Nikaichomoa kwa kitambaa, inachoma. Mpira mkavu, mgumu, umebonyea. Akaniangalia kwa lile jicho moja.

"Mkwe wangu, mchele umeutia mfukoni, ukapika pumba."

Dakika kumi, nimefunga ile ya mfukoni. Gari likawaka na safari hii halikuzima! Tumefika zimebaki dakika mbili. Bandeji imefunguliwa, jicho linaona, kasoma hadi bango la ukutani. Nimelia mbele ya muuguzi wala sikuona haya. Mungu mkubwa. Na mama mkwe kaahidi shemeji hatajua.

Jumamosi, 8 Machi
Nimelala fofofo. Jumatatu mama mkwe anarudi kupimwa miwani, na kaomba nimpeleke mimi. Mimi, si mwanawe mwenye gereji! Moyo wangu mweupe.

Heshima kama hiyo haitaki uzembe. Sensa mpya ni kitu cha maana, kwa nini ichakae kwa safari za sokoni leo na kesho? Nimeichomoa niihifadhi hadi Jumatatu, na ile ya zamani nitairudishia kwa muda. Kwanza nimeziosha zote mbili. Ziko kwenye sinia hapa, zinakauka. Zimependeza hizo!