Mguu Unaopumzika Umechoshwa na Nini?

Jumatatu, 5 Juni 1995

Unisamehe, daftari langu, sijakuandikia tangu Pasaka. Kanana anaota meno na mgongo wangu ndio kitanda chake. Lakini leo kuna jambo. Mume wangu Mwongera, dereva wa tajiri wa kahawa hapa Githongo, amepewa gari jipya la Kijapani. Ile Pijo kuukuu imewekwa juu ya mawe. Hili lina kitufe. Ukikibonyeza, gari linashika mwendo lenyewe, mguu unapumzika hadi Embu anakotumwa. Ametangazia soko zima. Enzi za Pijo alirudi mguu wa kulia umekufa ganzi, namkanda kwa maji moto na chumvi. Leo pia kaunyoosha, eti nikande. Mguu uliopumzika kutwa umechoshwa na nini? Nimekanda.

Jumatano, 7 Juni

Nimemuuliza jirani, mzee Thuranira, aliyeendesha lori miaka mingi. Akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia, Mama Kanana, kutoka hapa hadi Embu ni kona, mteremko, mto, mlima, kona tena; kitufe hicho atakibonyeza wapi, kanisani? Kinataka barabara iliyonyooka, kama ya Mwea.

Mwea. Kule kwenye mchele, ukishapita Embu. Tajiri hamtumi Mwea. Nani yuko Mwea? Wali wangu huungua, najua.

Ijumaa, 9 Juni

Mpango. Nimesema nataka kumwona dada yangu Felicitas, Runyenjes, ni njiani. Mwongera amekubali mara moja. Mwanamume asiye na hatia hukataa kwanza.

Nimekaa mbele na mtoto, macho kwenye mguu. Gari jipya, analiendesha kama Pijo: mteremkoni anatoa gia lishuke bure, mlimani analibembeleza kama ng'ombe anayezaa. Kitufe hakukigusa. Nilipotaka kukibonyeza akaushika mkono wangu, akasema nisimuue mtoto. Ameniacha Runyenjes, akaendelea. Felicitas ananiambia niache kujisumbua. Rahisi kwake, mumewe hana hata baiskeli.

Jumamosi, 10 Juni

Amekuja kunichukua na gunia dogo la mchele wa Mwea. Nikamwambia kama kuna mwanamke asimamishe gari, mimi na Kanana tushuke hapa hapa, turudi kwa mama. Akasimamisha. Akainamia usukani. Akasema hakuna mwanamke, kuna aibu. Soko zima linamuuliza kitufe kikoje, na yeye hakuwa amewahi kukitumia. Kwa hiyo akimaliza Embu huteremka mpaka Mwea kukijaribu. Tajiri akijua, kazi imeisha. Na gari likishika mwendo, haliamini. Huuning'iniza mguu hewani juu ya breki, tangu shamba la kwanza la mpunga hadi la mwisho. Mguu wa hewani, akasema, unauma kuliko wa kukanyaga.

Nikacheka, nikalia. Nimemkanda mara mbili. Nimeapa sitamshuku tena.

Jumapili, 11 Juni

Nimepika ule mchele. Haukuungua. Haukuwa na jiwe hata moja. Mwongera hajui kuchambua hata maharagwe. Nani aliuchambua?

Nampelekea Felicitas neno. Anitumie kitenge ambacho Mwongera hajawahi kukiona, miwani ya jua ya mumewe, dawa ya fizi za Kanana ya kutosha safari, na jina la mtu yeyote anayeuza mchele Mwea.